Daftari la Fundi Friji

Miaka ishirini na sita nimepasua matumbo ya majokofu,
Majengo, Pasua, Njoro, hadi Kiborloni,
na kila mteja nimemwambia lile lile:
usiweke cha moto ndani, mama, utaiua mashine.
Huitikia. Nikigeuza kisogo, huweka.

Mama Aikaeli aliniita Jumatatu, hakunisalimu.
"Fundi, friji lako limepinda akili."

Anauza barafu za ubuyu, za kijiti,
anagandisha kwenye vikombe vya bati,
na alfajiri ile usingizi ulimchelewesha:
sufuria moja ilichemka jana, ikalala, ikapoa;
nyingine ilitoka jikoni ikifoka mvuke.
Akajaza vikombe, akavisukuma vyote pamoja,
maana kengele ya saa nne haimngoji mjane.
Vya moto vikaganda kama mawe.
Vya baridi, ukivitikisa, bado vinacheka maji.

Nikamwambia, umechanganya vikombe.
Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji pungufu.

Baridi naijua. Baridi si kitu kinachoingia,
ni joto linalotoka, na mimi ndiye bawabu wake.
Mwenye safari ndefu atamtanguliaje mwenye safari fupi
kwenye njia moja, mlango mmoja?
Hesabu hiyo hata mbuzi wa Rau anaijua.

Basi nikarudi na kipimajoto, na kalamu,
na vikombe viwili, ndugu wa kiwanda kimoja.
Nikaketi juu ya kreti la soda jikoni kwake.
Mlango nikaufungua kila robo saa
(najua, najua, nami huwakataza).

Cha moto kilikuwa kinapumua.
Kilimwaga mvuke kama mji huu unavyomwaga jina lake,
kikapungua; kidogo kilichobaki, kidogo cha kugandisha.
Chini yake theluji ya friji iliyeyuka,
kitako cha bati kikakaa juu ya chuma chenyewe,
kikashikana nacho kama mdaiwa aliyekamatwa shati.
Cha baridi kilikalia theluji yake kavu,
kama mgeni juu ya godoro.
Kikashuka hadi sifuri, kikaivuka,
na bado ni maji! Kimya. Kinangoja sijui nini.

Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa kwa kiboko.
Kikombe kile kilikuwa na vyote viwili.

Usiku nilimkumbuka kaka yangu Ndesario,
siku tuliyogawana kihamba cha baba.
Yeye alipiga kelele mpaka migomba ikasikia,
akavunja kiti, na jioni akaniletea mbege.
Mimi sikuinua sauti.
Sikuinua sauti mwaka ule, wala uliofuata.
Watu walinisifu kwa utulivu.

Lakini turudi kwenye vikombe.

Mwalimu Elinami wa fizikia nilimkuta dukani, nikamwuliza.
Akasema pengine ni hewa iliyotoka wakati wa kuchemka,
pengine ni maji yanavyojizungusha,
pengine ni bati, pengine ni friji, pengine ni wewe.
Nilimpenda kwa hiyo "pengine" ya mwisho.

Haya ndiyo yaliyomo daftarini, yasomeke yalivyo:
Jumanne, cha moto kilitangulia, dakika kumi na moja.
Jumatano, sare.
Alhamisi, umeme ulikatika saa tano, vyote vikawa uji.
Ijumaa, cha baridi kilishinda, Mama Aikaeli akanicheka.
Jumamosi, cha moto tena, na sikuwa nimebadilisha chochote
isipokuwa shati.

Sijui. Naliandika neno hilo kwa wino, si penseli.
Fundi aliyezoea kusema "gesi imeisha"
kabla hajafungua hata skrubu moja,
kaandika sijui.

Mama Aikaeli hana haja na daftari.
Anachemsha ubuyu saa kumi na moja, anajaza, anasukuma,
na saa nne watoto wanamkuta na mawe mekundu.
"Wewe endelea kuuliza," ananiambia,
"mimi nauza."

Kesho nakwenda tena na kipimajoto.
Ila nitapitia kwanza kwa Ndesario.
Sina la kumwambia. Nitachukua chupa ya chai,
ya moto.